Chumba cha Nyuma Kyebando: Kitakuwa cha Nani?

Vijana wenzetu, tangu mwezi uliopita vikao haviishi nyumbani kwetu Kyebando. Mama mdogo na watoto wake watatu wanatoka Rwamwanja kuja kukaa nasi, na sisi tayari tuko saba kwenye vyumba viwili. Nyuma ya nyumba kuna nafasi: kamba za kuanikia nguo na mfenesi mmoja. Baba akasema tujenge hapo. Kaka mkubwa akauliza: tukishajenga, chumba kitakuwa cha nani? Wote tukanyamaza.

Ndiyo tukaanza kutafuta historia. Kumbe swali hilo lilikuwepo kabla yetu.

Tarehe 10 Machi 1900 Harry Johnston, kwa niaba ya Waingereza, alitia sahihi mkataba na wakubwa wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto, hajafikisha hata miaka minne. Ardhi ikagawanywa kwa maili za mraba, ndiyo maana mpaka leo inaitwa mailo. Maili kama 8,000 zilitengewa machifu na watu wengine wakubwa. Na wakulima waliokuwa wanalima hapohapo je? Waliamka asubuhi wakakuta ni wapangaji kwenye mashamba yao. Kipande cha mtu wa namna hiyo ni kibanja, na kodi yake ni busuulu. Mwaka 1928 ikatoka sheria ya kuwazuia wenye mailo wasipandishe busuulu ovyo wala kumfukuza mtu bila korti. Mwaka 1975 Idi Amin akatangaza ardhi yote ni ya serikali, katiba ya 1995 ikarudisha mailo. Halafu Sheria ya Ardhi ya 1998 ikamlinda pia mtu aliyekaa bila kusumbuliwa miaka 12 au zaidi kabla ya katiba hiyo. Kwa hiyo kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wenyewe wawili, na wote wawili wana haki. Ukiambiwa kesi za ardhi Kampala haziishi, usishangae.

Tuje kwenye vyumba vya nyuma. Huko Nakasero wakoloni walijenga nyumba kubwa, na nyuma boizi kwota za wafanyakazi. Nje ya mipaka ya mji wao, kwenye ardhi ya Buganda, watu walijenga mizigo, yaani chumba kimoja kimoja cha kupangisha. Miaka ya 1950 watafiti wawili, Southall na Gutkind, walichunguza maisha ya Kisenyi na Mulago, na Mulago ni majirani zetu kabisa. Wageni waliokuja kutafuta kazi walikuwa wengi huko, hata Wanyarwanda na Wajaluo. Kawempe, ambamo Kyebando imo, iliingizwa ndani ya Kampala mwaka 1968, na desturi ikaendelea: nyumba mbele, chumba nyuma, kisha kingine. Wengine wanaita ujenzi holela. Lakini bila vyumba hivyo, sisi tungelala wapi?

Na mkimbizi je? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Kule settlement unapewa kiwanja cha kujenga na kulima, lakini si cha kuuza. Mjini unajitafutia mwenyewe. Asiye raia hawezi kumiliki mailo, anaweza kukodi tu, mwisho miaka 99.

Basi Jumapili tukaenda kwa Jajja mwenye nyumba na sukari kilo mbili. Akatoa risiti zake za busuulu kutoka kopo la biskuti, akatuonyesha moja moja. Akasema, "Wanangu, hata mimi naomba ruhusa kwa mwenye mailo. Nikiwapa kimyakimya, siku moja tutalia wote."

Sasa tumegawanyika. Baba anataka tofali, gharama ikatwe kwenye kodi kila mwezi, na iandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC1. Kaka anataka mbao na mabati, vitu ambavyo tukihama tunafungua misumari tunabeba. Sisi wadogo tuko upande wa kaka, ingawa mabati mchana yanachoma. Mama, ambaye pesa ni za kikundi chake cha kuweka, amesema hatoi hata shilingi mpaka mwenye mailo aonekane kwa macho. Jajja ameahidi kumpigia simu wiki hii.

Mfenesi amekataa usikatwe.