Uji wa Ujiji na Sukari ya Damu

Kuanzia Rusimbi na Gungu mpaka Kitongoni na Ujiji yenyewe, uji ni kinywaji cha kila rika katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Hupewa mtoto anayeanza kula, mzazi aliyejifungua jana, mgonjwa asiyeweza kutafuna, na mfungaji anayefuturu baada ya adhana ya magharibi. Mvuvi wa dagaa aliyekesha ziwani hupozwa nao alfajiri. Siku hizi madukani uko unga wa uji wa lishe, uliochanganywa mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na pengine ngano, na wauzaji wengi husema unamfaa mtoto, mjamzito, mzee na mwenye kisukari kwa pamoja. Tatizo ni huyo wa mwisho. Ukifuatilia historia ya uji katika mwambao huu, utaona kwamba zamani ulipikwa kwa kumtazama anayekunywa, na kwamba unga mmoja wa watu wote ulikuja katika karne ya 20 kwa ajili ya wenye njaa na utapiamlo. Kuwapa unga huohuo watu wasio na njaa, tena kama dawa, ni kuupa kazi usiyoumbiwa. Na vipimo vya damu vya miaka 40 hivi iliyopita, vingine vilivyofanyika hapahapa Tanzania, vinaonyesha kwamba kinywaji kimoja hakipandishi sukari sawa kwa watu wawili.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Burton hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika, na ndiyo maana orodha yake ya vyakula inaaminika kuliko hukumu zake. Alikuta soko lenye mtama, mahindi, muhogo, maharage, ndizi, miwa, samaki na mawese. Aliandika kwamba mpunga ulioletwa na Waarabu ulistawi vizuri, lakini wenyeji walipendelea mtama, ulio mgumu zaidi na usiosumbua kulima. Habari hiyo fupi ina uzito kwa mtu anayeuliza habari za sukari. Nafaka iliyosagwa kwa jiwe pamoja na ganda lake hutoa unga wa chenga. Chenga hizo huchelewa kumeng'enywa kuliko unga laini wa mashine uliokobolewa, na sukari huingia kwenye damu polepole. Muhogo ni habari nyingine. Zao hili la Amerika ya Kusini lilienea katika nchi ya ziwa kwa sababu huvumilia ukame na hukaa ardhini likimsubiri mwenye njaa, lakini unga wake ni wanga karibu mtupu, wenye protini kidogo mno. Kwa hiyo hata kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914 na kuleta bidhaa za viwandani kwa urahisi, kulikuwa na uji wa namna nyingi katika mji mmoja, kila mmoja na mwendo wake tumboni.

Tazama chunguni. Unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi usifanye mabonge, kisha humiminwa kwenye maji yanayochemka, na mwiko hauachi kuzunguka. Chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kupasuka, na hapo ndipo uji unapokaza. Wanga uliopasuka hivyo ni rahisi sana kwa vimeng'enya vya utumbo kuuvunja uwe sukari. Uji ukilazwa mpaka kesho, sehemu ya wanga hujifunga tena na kuwa ngumu kumeng'enywa. Ukiachwa uchachuke, asidi yake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ukitiwa karanga au maziwa, mafuta na protini huchelewesha tumbo kuutoa. Wapishi wa zamani hawakuwa na maneno haya, ila walikuwa na desturi: mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga, mgonjwa hupikiwa mwepesi, mwenye kwenda shamba hupewa mzito au mchachu unaokaa tumboni. Sidai kwamba walikuwa wakitibu kisukari. Walikuwa wakijali nguvu, joto, maziwa ya mama na kushiba. Lakini katika kujali hayo hawakumpa kila mtu kikombe kimoja, na tofauti hiyo ndiyo iliyopotea.

Ilipotea kwa sababu nzuri. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, wakati utapiamlo wa watoto ulikuwa janga la kitaifa. Wataalamu waliona kwamba tumbo la mtoto ni dogo na uji wa kawaida ni maji mengi, nguvu kidogo. Jibu mojawapo lilikuwa kimea. Unga wa nafaka iliyooteshwa, uleule ambao wapika pombe walikuwa wakiutumia tangu zamani, ukiongezwa kijiko kidogo katika uji mzito huulegeza ghafla, maana vimeng'enya vyake huukatakata wanga. Hivyo mtoto aliweza kunywa unga mwingi katika kikombe kilekile. Mradi wa lishe wa Iringa wa miaka ya 1980, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, uliieneza njia hiyo. Ni ujuzi wa kusifiwa, lakini angalia lengo lake: kuingiza nguvu nyingi, upesi, katika mwili uliopungukiwa. Kigoma iliona sura nyingine ya jambo hilo kupitia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu kutoka Kongo, na katika mgao wa kambi za mkoa huu unga wa mahindi na soya uliotiwa vitamini ukawa chakula cha watoto na wajawazito. Mei 2015, Warundi kwa makumi ya maelfu walipokwama katika kijiji cha Kagunga, wengi wao wakiletwa Kigoma kwa meli ya Liemba, kipindupindu kiliwafuata, na kinywaji kilichookoa maisha kilikuwa maji yenye chumvi na sukari. Katika maji hayo sukari haiwekwi ili kushibisha. Kazi yake ni kusaidia utumbo kupitisha chumvi, na chumvi huvuta maji. Vinywaji hivi vyote viligawiwa kwa kipimo kimoja kwa sababu walengwa walikuwa na shida moja. Daktari wa kipindupindu hana haja ya kujua kongosho la kila mgonjwa.

Kisukari hakiko hivyo, na ushahidi ulianza kukusanywa nchini mapema. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu wa kumpa mtu mzima gramu 75 za glukosi katika maji na kumpima damu baada ya saa mbili. Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao waliutumia utaratibu huo katika vijiji sita vya Tanzania na kutoa matokeo mwaka 1989 katika jarida la Lancet. Watu 6,299 wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikunywa kinywaji kilekile, gramu zilezile. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia, asilimia 0.87. Takwimu hiyo ndiyo iliyonukuliwa sana, ikasemwa kwamba kisukari si ugonjwa wa kijijini. Mimi naona iliyo kando yake ina habari kubwa zaidi: asilimia 7.8 walikuwa katikati, sukari yao haijafikia ya ugonjwa lakini haikuwa imeshuka inavyotakiwa. Hao walikuwa wanakijiji wa maisha yanayofanana, wamekunywa glukosi tupu isiyo na hila ya mpishi wala ya kinu, na bado miili yao iliipokea tofauti.

Hata hivyo sayansi ya chakula kwa muda mrefu ilipenda wastani. David Jenkins na wenzake wa Toronto walipotoa mwaka 1981 orodha yao ya kasi ya vyakula kupandisha sukari, kila chakula kilipewa namba moja iliyotokana na wastani wa watu wachache wenye afya. Orodha hiyo ilisaidia sana, lakini wengi wakaisoma kama kwamba namba ni ya chakula peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliwabandika watu 800 vifaa vya kupima sukari usiku na mchana kwa wiki moja. Chakula kilekile kilimpandisha mmoja juu na mwingine kidogo tu. Baadaye utafiti wa Uingereza na Marekani wa watu zaidi ya 1,000, wengi wao pacha, ulionyesha kwamba hata pacha wa kufanana hawapandi sawa, kwa hiyo urithi wa damu hauelezi yote. Tumbo la huyu hutoa chakula upesi kuliko la yule, misuli yake ina kazi zaidi, bakteria wa utumbo wake si walewale, na usingizi wa jana usiku nao una sehemu yake. Kwetu kuna jambo la kuongeza. Watafiti wa Mwanza wameonyesha kwamba sukari ya juu huwapata pia watu wembamba, kwa sababu kongosho lao linatoa kidogo insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Anayepima hatari kwa ukubwa wa kitambi atawapita watu hao bila kuwaona.

Pingamizi la kwanza ni la wazee: babu zetu walikunywa uji maisha yao yote na hawakujua kisukari. Lina ukweli ndani yake, ila ukweli huo hauko kwenye uji. Njia ya msafara kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ilikuwa kama kilomita 1,200, na mpagazi aliitembea na mzigo wa kilo 30 hivi. Msuli unaofanya kazi hunyonya sukari hata insulini ikiwa kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliolinganisha Ilala jijini Dar es Salaam na kijiji cha Shari Kilimanjaro, ulikuta kisukari kwa wanaume asilimia 5.9 mjini na 1.7 kijijini, kwa wanawake 5.7 na 1.1. Nchi ni moja na nafaka hazitofautiani sana, lakini kazi, unene na umri wa kuishi vimebadilika. Kijana wa Rusimbi anayeendesha bodaboda kutwa amekaa hawezi kudai tumbo la mpagazi. Wengine huhamishia lawama kwenye muhogo, na wazo hilo liliwahi kuwa na wataalamu wake: kwamba sumu ya muhogo mchungu huharibu kongosho. Swai, McLarty na wenzao walilipima katika jamii ya Mara iliyokuwa imekula muhogo wenye sumu kwa miaka, na mwaka 1992 wakachapisha kwamba hawakuona kisukari kikizidi huko. Wakazi wa Kigoma wanaokula ugali wa muhogo wanastahili kulijua hilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ni la wanasayansi wenyewe. Ikiwa mtu yuleyule, akila chakula kilekile siku mbili, hapati jibu lilelile, tofauti kati ya watu inaweza kuwa kelele za kipimo tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliwapa watu 63 mkate mweupe kwa kurudia. Majibu yalitofautiana kwa asilimia 25 kati ya mtu na mtu, na kwa asilimia 20 ndani ya mtu mmoja. Nakubali kwamba matokeo hayo yanawaumbua wanaouza ushauri wa chakula wa mtu binafsi baada ya kipimo cha siku moja. Hayaurudishi, hata hivyo, unga mmoja wa wote. Kama kikombe kilekile kinayumba hata kwa mtu mmoja, basi anayeandika kwenye pakiti kwamba unga wake unashusha sukari anajua kidogo zaidi kuliko tulivyodhani. Tena wale 63 walikuwa watu wenye afya. Pengo kati ya mwenye kongosho zima na mwenye kongosho lililochoka ni kubwa kuliko kelele hizo zote.

Linabaki suala la fedha. Vijiti vya kupimia sukari si rahisi kwa kaya inayotegemea dagaa wa msimu, na kumwambia mtu ajipime kila siku ni kumkejeli. Lakini hahitaji kila siku. Apime kabla ya kunywa na saa mbili baadaye, siku tatu au nne tofauti, kikombe kile anachokunywa kweli nyumbani, na awe na daftari la kuandika unga gani, mzito au mwepesi, na sukari vijiko vingapi. Kliniki ya kisukari ikilitazama daftari hilo itamshauri vizuri kuliko pakiti yoyote. Sukari ya kijiko ndiyo ya kwanza kuondolewa, maana hiyo haina utetezi wa mpishi wala wa mtafiti. Mtoto mchanga aliyetimiza miezi sita aendelee kupikiwa uji ulioongezwa karanga, maziwa au dagaa waliosagwa, kwa sababu shida yake bado ni ileile ya mwaka 1973. Kwa mwenye kisukari, wauzaji wa unga waache kuandika kwamba unamfaa mpaka waonyeshe vipimo vya damu vya watu wenye kisukari walioutumia, na mgonjwa asiache wala kupunguza dawa zake kwa sababu ya kikombe cha uji.