HEKAYA FUPI NA KUFUNZWA AKILI: HABARI ZA BUSIA NA TORORO

Wazee wa zamani walipotaka kumfunza mtoto kukata shauri hawakumpa orodha ya kanuni. Walimpa kisa, wakakisimamisha katikati, wakamwuliza, "Na wewe ungefanyaje?" Elimu hii haikuzaliwa Busia wala Tororo, wala haikuwa ngeni huko. Wasamia, Wateso na Wajapadhola walikuwa na ngano zao za sungura na wanyama wenzake kabla hajafika mgeni yeyote kutoka pwani. Lakini hekaya za Kiswahili nazo zilifika, na njia ziliyofuata ni sehemu ya tarikh ya Waislamu wa nchi hizi, basi yafaa kuelezwa.

Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani ilizoea kutua kwa watawala wa Wanga, mahali paitwapo Mumias leo. Joseph Thomson, Mzungu aliyepita huko mwaka 1883, alikuta njia imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa Kiislamu. Nabongo Mumia mwenyewe baadaye alisilimu, naye akafariki mwaka 1949. Kutoka hapo njia ilielekea magharibi kwa Wasamia na Wasoga hadi Buganda. Mwaka 1891 Lugard aliwaandika askari wa Kisudani, ambao watoto wao ndio Wanubi wa leo, nao wakawa jamaa wengine wa Kiislamu waliotawanyika katika miji ya Uganda na Kenya. Kisha ikaja reli. Mwisho wa miaka ya 1920 ilifika Tororo, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kila mahali penye steshini palipata duka, na penye duka pakapatikana baraza, na barazani hapakosi msimulizi.

Mpaka nao una habari yake. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Ndiyo maana Msamia ana ndugu Busia ya huku na Busia ya huko, na Mteso wa Tororo ana jamaa zake ng'ambo ya Malaba.

Katika hekaya zilizosafiri kutoka pwani, iliyo bora kwa mwalimu ni ile ya Goso. Imo miongoni mwa hadithi za Unguja alizozichapa George Bateman mwaka 1901. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Jioni moja paa alipanda mtini kuiba matunda, buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, kisha wakaazimia kumtafuta aliyemwua. Wakasema ni kusi, kwa kuwa kusi ndiyo itikisayo miti, wakaikamata wakaipiga. Kusi ikawajibu kwamba lau ingekuwa na nguvu hizo isingezuiwa na kiambaza. Wakaenda kukipiga kiambaza, nacho kikawataja panya wakitoboao. Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe ayanywaye, ng'ombe akamtaja inzi amsumbuaye, na inzi akamtaja paa. Paa alipoulizwa alinyamaza kwa hofu. Wakamwua.

Watu wengi hucheka, wakaona kwamba kisa kimekwisha vizuri kwa kuwa mkosaji amepatikana. Mwalimu mwenye busara hapo ndipo aanzapo kazi yake. Watoto wale walikuwa na mapenzi kwa mwalimu wao, na umoja, na bidii, nazo ni sifa njema zote. Walichokosa ni kuuliza kabla ya kupiga. Wamewapiga kumi wasio na hatia ili kumfikia mmoja, na huyo mmoja hakukusudia kuua. Alikusudia kuiba buyu. Tena hukumu yake ilitegemea kunyamaza kwake. Je, mwenye kunyamaza kwa hofu amekiri? Katika sheria mwenye kudai ndiye atakiwaye ushahidi, wala si mwenye kushtakiwa. Na ni nani aliyewaambia watoto kwamba kila kifo kina mwuaji?

Maswali haya si mchezo wa maneno. Kila aliyezoea masoko ya mpakani ajua jinsi sauti moja ya "Mwizi!" iwakusanyavyo watu, na jinsi mkono wa kwanza uinukavyo kabla hajaulizwa mtu jambo lolote. Kijana aliyekaa na Goso alipokuwa na miaka tisa, akaulizwa polepole ni nani aliyepigwa bure, huenda siku hiyo akawa yule mmoja asemaye, "Ngojeni kwanza." Kusema hivyo mbele ya umati wenye mawe ni jambo zito, na halijifunzwi siku hiyohiyo.

Zipo nyingine, zitajwe kwa ufupi. Kisa cha kima na papa, kilichomo katika hadithi za Unguja alizozitoa Edward Steere mwaka 1870, chatoka mbali: asili yake Bara Hindi, kikaingia Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu ndani ya Kalila na Dimna. Kima amechukuliwa baharini mgongoni mwa papa, hapo ndipo anapoambiwa kwamba moyo wake watakiwa uwe dawa ya sultani mgonjwa. Hapigi kelele, asema kwamba moyo ameuacha mtini, basi na warudi wakauchukue. Na zipo za Abunuwasi, ambazo katika nchi za Waarabu nyingi husimuliwa kwa jina la Juha. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, na mashairi yake ya ulevi si ya kusomwa mbele ya watoto. Huyu wa hekaya ni mtu mwingine kabisa, na mzazi asiwe na wasiwasi.

Lakini kwa nchi ya wakulima na wafugaji waliochanganyika, kama ilivyo Tororo na pande zote za Busia, hakuna kisa kifaacho kuliko hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulaiman, amani iwe juu yao, iliyotajwa katika Sura ya Al-Anbiya. Kondoo wa watu waliingia usiku katika konde la mtu mwingine wakalila. Wafasiri wasimulia kwamba Daud aliamua mwenye konde apewe kondoo wale kuwa fidia. Ni hukumu ya haki, lakini mmoja atoka amefilisika. Sulaiman akaona njia nyingine: mwenye konde achukue kondoo kwa muda, apate maziwa, sufu na wana wao, na mwenye kondoo alishike jembe alihudumie konde mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe mali yake. Kurani haikumlaumu Daud. Yasema kwamba wote wawili walipewa hekima na elimu, ila katika shauri hili Sulaiman ndiye aliyefahamishwa. Na tazama, msomaji, jinsi suluhu hii ilivyo na funzo la ziada: mwenye mifugo, baada ya kulima konde la jirani msimu mzima, atajua uzito wa kazi iliyoliwa usiku mmoja. Mtoto aachiwe akifikie kifungu hiki mwenyewe. Asimuliwe mpaka kondoo waingie kondeni, kisha msimulizi anyamaze.

Hapo ndipo penye kasoro ya wasimulizi wengi, vyuoni na maskulini. Hawanyamazi. Hutoa kisa na jibu na funzo kwa pumzi moja, na mtoto hukariri vyote vitatu. Kuhifadhi ni ibada na ni nguvu ya akili, wala halidharauliwi. Lakini aliyehifadhi jibu la Sulaiman hajajifunza bado kutafuta la kwake. Kadhalika kile kisa cha ngamia 17, ambacho wasimulizi humnasibishia Sayyidna Ali pasipo sanadi ya kutegemewa: wana watatu wameusiwa nusu, theluthi na sehemu ya tisa, na ngamia hawagawanyiki. Mpatanishi akaongeza ngamia wake, wakawa 18; wakatwaa 9, na 6, na 2, jumla 17, naye akaondoka na ngamia wake. Watoto wakiachiwa vijiti 17 na robo saa, wako watakaovumbua kwamba mafungu ya wasia yenyewe hayakutimia kitu kizima. Wakiambiwa mara moja, hustaajabu kidogo, wakasahau.

Hekaya hizi ziliingia katika vitabu vya skuli wakati wa Waingereza, hasa baada ya Kamati ya Lugha ya Kiswahili kuanzishwa mwaka 1930. Hapo mpaka ukaanza kuwa na maana mpya. Katika Uganda, Gavana Gowers alitaka Kiswahili kienezwe tangu 1927, lakini Kabaka Daudi Chwa na wengi wa viongozi wa Buganda walikipinga. Na mwaka 1952 kikaondolewa katika lugha zilizokubaliwa maskulini. Kikabaki katika jeshi na polisi na sokoni. Katika Kenya, mwaka 1985, kikawa somo la lazima lenye mtihani. Basi watoto wa ukoo mmoja wa Kisamia, huyu alimsoma Abunuwasi kitabuni, na yule alimsikia kwa bahati tu, barazani au chuoni, au hakumsikia kamwe.

Haina maana kwamba yule wa pili alikosa akili. Vijana wa Busia walioona kwamba kati ya kituo cha forodha cha huku na cha huko pana mwendo, na wasafiri wana mizigo, ndio waliotia mito nyuma ya baiskeli wakawa wakiita abiria mpaka kwa mpaka, na neno lao la bodaboda leo lajulikana Afrika Mashariki yote.

Tangu 2017 mtaala wa Kenya wataja kufikiri kwa makini na kutatua matatizo kuwa miongoni mwa mambo ya msingi, na mtaala mpya wa sekondari wa Uganda, ulioanza 2020, wataja mfano wake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaamua Kiswahili kifunzwe katika skuli za msingi na sekondari. Walimu wake wangali haba. Na tangu 2018 maofisa wa nchi mbili wakaa jengo moja pale Busia kukagua wasafiri na mizigo. Katika vyuo vya pande zote mbili Sura ya Al-Anbiya yasomwa kila mwaka, na watoto huifikia aya ya 78, wakapita.