Kuziba Ufa Si Kuuficha



Sisi wana wa pwani tumelelewa na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliisikia kwa wazee, tukaiandika kwenye insha za shule, na hadi leo tunawaambia watoto wetu waliozaliwa huku ughaibuni. Mimi nimekaa na uhandisi zaidi ya miaka thelathini, kwanza masomoni kisha kazini, hapa kusini mwa Uingereza, na nimejifunza kwamba methali hiyo ina sehemu ya pili tusiyoisema: kabla hujaziba, uliza ufa umetoka wapi. Nitaieleza kwa kisa cha chombo kimoja ambacho jina lake lina neno letu.

Mwezi Mei 2014 yoti ya Kiingereza iitwayo Cheeki Rafiki, yenye urefu wa kama mita 12, iliondoka kisiwani Antigua kurudi Southampton baada ya mashindano ya tanga. Ndani walikuwamo Waingereza wanne: vijana wawili wenye miaka ishirini na kidogo, na watu wazima wawili wa rika langu la leo. Walipofika katikati ya Atlantiki, zaidi ya maili 700 kutoka Nova Scotia, walituma habari kwamba chombo kinaingiza maji. Tarehe 16 mawasiliano yakakatika. Walinzi wa pwani wa Marekani walitafuta, wakasitisha tarehe 18, na watu zaidi ya 200,000 wakatia saini ombi hadi msako ukaanza tena tarehe 20. Tarehe 23 manowari ya Marekani ikakiona chombo kimepinduka, tumbo juu. Mkuku haupo. Mashua ya mpira ya kuokolea watu ilikuwa ingali imefungwa mahali pake. Wale wanne hawakuonekana tena.

Msomaji aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja atauliza: mkuku wa chombo unang'okaje? Kwenye jahazi, mkuku ndio uti wa mgongo. Fundi huulaza kwanza, juu yake akasimamisha mataruma, kisha akagongomea mbao. Mkuku ukitoka, jahazi halipo. Uzito wa kulituliza, yaani farumi, ni mawe au shehena iliyopangwa ndani.

Yoti za Ulaya na Marekani zilifuata njia nyingine. Katika karne ya 19 waundaji wao walianza kuitoa farumi ndani na kuifunga nje, chini kabisa, kwa boliti, ili chombo kibebe tanga kubwa bila kupinduka. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja fiberglasi, na mkuku ukazidi kuwa mwembamba na mrefu kama pezi la papa. Hivyo tani kadhaa za chuma au risasi zikawa zinaning'inia kwenye kiungo kimoja chembamba. Kila wimbi linapokilaza chombo, uzito wote huo huvuta boliti za upande mmoja, kisha za upande wa pili, mara maelfu kwa safari moja.

Si Cheeki Rafiki peke yake iliyopata msiba huu. Agosti 1985, katika mashindano ya Fastnet, yoti kubwa Drum ya mwimbaji Simon Le Bon ilipoteza mkuku karibu na Falmouth. Waliokuwamo wote waliokolewa. Mwaka 2002 yoti Excalibur ilipoteza wake nje ya pwani ya New South Wales, Australia, na watu wanne wakafa.

Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walitoa ripoti ya Cheeki Rafiki mwaka 2015. Chombo chenyewe hakikupatikana ili kipimwe, kwa hiyo waliandika kwa uangalifu. Waliona si rahisi kuwa kiligonga kitu kilichozama. Kilichowezekana zaidi ni kwamba kilikwishapanda mwamba au mchanga mara kadhaa miaka ya nyuma, kikatengenezwa, na mishtuko hiyo pamoja na matengenezo yenyewe ikadhoofisha mahali mkuku unaposhikana na mwili. Huenda pia boliti moja au zaidi ilikuwa imechakaa. Ndani ya yoti za aina hiyo kuna kiunzi cha fiberglasi kilichogandishwa kwa gundi sakafuni, nacho ndicho kinachosambaza nguvu za boliti. Gundi ikiachia chini yake, mtu haoni kitu. Ripoti ilionya kwamba hata kupanda mchanga kidogo tu kunaweza kuleta madhara yasiyoonekana.

Hapo ndipo ufa unapokuwa na maana. Ufa mwembamba kwenye kiungo, hasa upande wa mbele wa mkuku, wakati mwingine ni rangi tu iliyopasuka. Lakini huenda unasema kwamba mkuku unacheza. Maji ya chumvi yakipenya humo yanatuama. Watu hudhani chuma cha stenlesi hakili kutu. Kinakula, ndugu zangu. Ngozi yake nyembamba inayokilinda inahitaji oksijeni ili ijirudishe. Katika upenyo wenye maji yaliyokwama oksijeni ni haba, na chuma huliwa polepole kiunoni, huku kichwa cha boliti kule juu kinang'aa kama kipya.

Niliona haya kwa macho yangu. Mwenzangu kazini alikuwa na yoti ya zamani, nami nilimsaidia kila majira ya kuchipua. Mwaka mmoja tuliona ufa usiozidi unene wa ukucha. Fundi mmoja akatuambia tuupake puti na rangi, tuishushe baharini. Tulifanya hivyo, nami mhandisi mzima nikakubali, kwa sababu siku ilikuwa nzuri na wote tulitamani kusafiri. Mwaka wa pili ufa ukarudi palepale, na safari hii ulikuwa ukilia machozi ya kutu. Tukaishusha mkuku. Boliti moja ilikuwa imebaki kama nusu ya unene wake. Nilikaa chini pale gatini nikaishika mkononi, nikawakumbuka watoto wa mwenzangu waliokuwa wakilala juu yake kiangazi kizima.

Matengenezo ya haki ni ya taratibu. Chombo kinatolewa majini na kuachwa kikauke. Unachunguza ngama: kuna maji kuzunguka nati, kuna nyufa kwenye kiunzi, kukigongwa panatoa sauti ya uwazi? Ukiwa na shaka, mkuku unashushwa, boliti zinatolewa na kutazamwa urefu wake wote, na iliyoliwa inabadilishwa. Fiberglasi iliyopasuka inakwanguliwa hadi kwenye uzima, inakaushwa, inajengwa upya kwa nguo yake na resini. Kiungo kinasafishwa, kinapakwa gundi ya mpira, mkuku unarudishwa, na nati zinakazwa kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Puti na rangi huja mwisho.

Nilipokuwa mtoto niliwaona mafundi wakisubiri maji ya bamvua yatoke, jahazi limelala mchangani, wakaanza kukalafati. Fundi hakuitia pamba mpya juu ya ile iliyooza. Aliichokonoa kwanza ya zamani, akaugusa ubao kwa ncha ya chuma, akaunusa. Sisi tuliona anachelewesha safari.