Kani, kazi na nguvu: Hesabu ya gunia inayoeleza uniti zako za umeme

Mtu amesukuma gari lililokwama kwenye tope kwa dakika kumi. Jasho linamtoka, mikono inauma, lakini gari halijasogea hata kidogo. Kwa lugha ya fizikia, kazi aliyoifanya juu ya gari hilo ni sifuri.

Inaweza kuonekana kama dharau, ila ndivyo hesabu ilivyo. Mtaani neno "nguvu" linabeba kila kitu. Kwenye fizikia haya ni mambo matatu tofauti, na ukiyachanganya unaweza kukosa alama za mtihani, au ukabaki unashangaa uniti za umeme zinakwenda wapi.

Kani ni nini?

Kani ni msukumo au mvuto. Hupimwa kwa newton, kipimo kilichopewa jina la Isaac Newton, Mwingereza aliyechapisha sheria tatu za mwendo mwaka 1687.

Dunia huvuta kila kilo moja kwa kani ya karibu newton 10. Hivyo kunyanyua gunia la kilo 50 kunahitaji kani ya takriban newton 500.

Kazi ni nini?

Kazi hufanyika pale kani inapokisogeza kitu. Kanuni yake ni kani mara umbali, na kipimo chake ni jouli.

Kuli akipandisha gunia lile hadi ghorofani, urefu wa mita 3, amelifanyia kazi ya jouli 1,500. Akisimama tu nalo begani, halifanyii kazi yoyote. Anachoka kwa sababu misuli yake inaendelea kutumia nishati.

Nguvu ni nini?

Nguvu ni kasi ya kufanya kazi, yaani kazi gawanya kwa muda. Kipimo chake ni wati, kutokana na jina la James Watt, fundi wa Uskoti aliyelinganisha injini za mvuke na farasi. Nguvu farasi moja ni takriban wati 746.

Kuli wa kwanza akipandisha gunia kwa sekunde 10, ametumia nguvu ya wati 150. Mwenzake akitumia sekunde 30, ni wati 50. Gunia ni lile lile na kazi ni ile ile. Kilichotofautiana ni muda.

Sasa rudi kwenye umeme wako

Wati zilizoandikwa kwenye kifaa zinaonyesha nguvu yake. Uniti unazonunua ni nishati, yaani kiasi cha kazi ambayo umeme utakufanyia. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, sawa na jouli 3,600,000. Hiyo ni sawa na kupandisha gunia lile mara 2,400.

Kwa hiyo usiangalie wati peke yake. Zidisha kwa muda:

- Birika la umeme la wati 2,000 likiwaka dakika 3: uniti 0.1
- Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo saa 1: uniti 1
- Taa ya nje ya wati 60 ikiwaka saa 24: uniti 1.44

Watu wengi huogopa birika. Taa iliyosahaulika nje mchana kutwa ndiyo inayomaliza uniti.