Shahada pekee haimfanyi mtu mhandisi
Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, kilianza mwaka wa 2008 kikiwa chuo kishiriki cha JKUAT, kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, Bodi ya Wahandisi sharti iwe imeitambua kozi yenyewe. Kisha mhitimu asajiliwe na kufanya kazi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuwa mhandisi kamili. Utambuzi huo ni wa kozi, wala si wa chuo kizima. Mzazi anayelipa karo kwa miraa ya Meru au muguka wa Embu hana budi kuulizia hilo mapema.