Ukusanyaji wa picha za kale za studio (Mbarara)

Ukusanyaji wa picha za kale za studio ni kutafuta, kutambua na kuhifadhi picha zilizopigwa studioni zamani, zikiwemo za wanyama wa nyumbani. Ulaya na Marekani, picha za mbwa na paka studioni zilianza katika karne ya 19. Kamera ilihitaji muda mrefu kupiga picha moja, hivyo mkia uliotikisika huonekana kama ukungu.

Ankole, eneo la kusini-magharibi mwa Uganda ulipo mji wa Mbarara, ni tofauti. Mnyama wa fahari hapa ni ng'ombe wa pembe ndefu, na ng'ombe haingii studio. Utajiri wa Mbarara ni picha za watu, hasa zilizopigwa na Musa Katuramu, fundi seremala na mwalimu. Mwanawe alizitunza negativu za baba yake, na mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, ukazichapisha. Ni hazina adhimu.

Si mbali na Mbarara, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958, picha iliyovuka mpaka na mwenyewe huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya nyumbani. Mkusanyaji asiinunue; ainakili, amrudishie mwenyewe, na jina la mwenyewe liandikwe nyuma ya nakala kwa penseli.