Yesu wa mkomunisti

Najua nimeadimika. Kulikuwa na majaribio mfululizo, halafu boom likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki vizuri. Ila wiki hii kuna jambo limenikaa kichwani, nikaona nisipolimwaga hapa hata desa halitapanda. Ni habari ya filamu, lakini mnanijua, mimi mtu wa historia, kwa hiyo itageuka darasa. Vumilieni.

Swali lenyewe ni hili. Mtu akitengeneza filamu ya Yesu, akafuata Injili neno kwa neno, asiongeze maneno yake wala kutia chumvi, watazamaji watafurahi? Wengi mtasema ndiyo, si ndicho watu wanachotaka? Haya, twende Italia mwaka 1964.

Filamu inaitwa Il vangelo secondo Matteo, yaani Injili kwa kadiri ya Mathayo. Aliyeitengeneza ni Pier Paolo Pasolini, aliyekuwa mshairi na mwandishi wa riwaya kabla hajashika kamera. Sikilizeni wasifu wake. Haamini Mungu. Ni mkomunisti, ingawa chama chenyewe kilimfukuza mwaka 1949 baada ya kashfa ya ushoga. Na Machi 1963 mahakama mjini Roma ilimhukumu kifungo cha miezi minne kwa kuidhalilisha dini ya taifa. Kosa? Alitoa filamu fupi, La ricotta, kuhusu masikini mmoja anayelipwa vijisenti kuigiza mwizi msalabani. Jamaa ana njaa ya siku nyingi, anapata chakula, anakula kupita kiasi, anafia pale pale msalabani kamera zikiwa tayari. Hukumu ilitenguliwa kwenye rufaa mwaka 1964, lakini jina lilikuwa limeshachafuka.

Mtu huyo ndiye aliyekuja kutengeneza filamu ya Yesu iliyofuata maandiko kuliko karibu zote za kabla yake.

Wazo lilimjia Oktoba 1962 akiwa Assisi, mgeni wa taasisi moja ya Kikatoliki. Siku hiyo Papa Yohane wa 23 alikuwa anatembelea mji, barabara zimefunga, watu kama siafu. Pasolini akabaki chumbani. Kando ya kitanda kulikuwa na Injili, akaanza kusoma, akaenda nayo moja kwa moja kama mtu anavyosoma riwaya. Papa alifariki Juni 1963, na filamu ilipotoka ilikuwa imetabarukiwa kwa kumbukumbu yake. Mkomunisti anamtabarukia Papa! Hapo tu tayari watu wa pande zote mbili wana hasira.

Mwaka 1963 alikwenda Palestina kutafuta mahali pa kupigia picha, akakuta mambo yamekuwa ya kisasa mno. Akarudi kusini mwa Italia, kwenye ufukara wa kweli, na Matera, mji wa nyumba za mapangoni, ukawa Yerusalemu. Waigizaji hakutaka wenye majina. Alichukua wakulima, madereva, na marafiki zake waandishi. Maria wa uzeeni, yule anayelia chini ya msalaba, ni mama yake mzazi, Susanna. Na Yesu ni Enrique Irazoqui, mwanafunzi wa uchumi kutoka Hispania mwenye miaka 19, umri wa hawa mwaka wa kwanza wetu wanaopotea njia ya kwenda maktaba. Kijana alikuwa amekuja Italia kutafuta watu wa kuunga mkono harakati za wanafunzi dhidi ya dikteta Franco. Pasolini alipomwona tu akasema ndiye. Kijana akakataa kwanza, mpaka akashawishiwa.

Sasa huyo Yesu mwenyewe. Maneno yote anayosema yametoka kwa Mathayo. Pasolini aliruka sehemu kadhaa, hakuonyesha kila sura, lakini alichokionyesha hakukiandikia maneno mapya. Na hapo ndipo unapogundua kwamba ukitoa nyimbo laini na maua, yule wa Mathayo ni mkali. Anatembea haraka, wanafunzi wanamkimbilia nyuma, anawasemesha akiwa amegeuza shingo tu. Anapita kwa wakulima wenye majembe, anawaambia watubu, haoo anaendelea, wenzake wamebaki wameduwaa. Hotuba ya mlimani ni uso wake tu gizani, mwanga unabadilika, upepo unavuma, maneno yanashuka kama mvua ya masika. Anaulaani mtini. Anaambiwa mama yake na ndugu zake wako nje, anajibu jibu ambalo ukimpa mama yako leo utalala njaa. Na ile sura ya kuwalaani waandishi na Mafarisayo ametoa nafasi ya kutosha, mpaka unawaonea huruma wasikilizaji.

Septemba 1964 filamu ikaonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice. Vijana wa mrengo wa kulia wenye mwelekeo wa kifashisti walikuwa wanamsubiri, wakamzomea na kurusha mayai. Angalieni vizuri hapo: mayai yaliletwa kutoka nyumbani. Hakuna mtu anayekwenda sinema na mayai kwa bahati mbaya. Hasira ilikuwa imeiva kabla taa hazijazimwa, na ilimhusu mtu, si filamu. Ndani, mambo yakawa mengine. Filamu ikapata tuzo maalumu ya majaji, na shirika la Kikatoliki la sinema, OCIC, nalo likampa tuzo yake. Baadaye ikaonyeshwa Roma kwa maaskofu waliokuwa kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Miezi michache tu nyuma alikuwa bado ana hukumu ya kuidhalilisha dini yao.

Basi utadhani wakomunisti walifurahi. Wapi! Filamu ilipofika Paris na kuonyeshwa Notre-Dame, wasomi wa mrengo wa kushoto ndio waliomjia juu. Kwa nini kuna miujiza? Kwa nini mwenye ukoma anapona, kwa nini mtu anatembea juu ya maji, na kwa nini kaburi liko wazi mwishoni? Walitaka Yesu mwanamapinduzi, mtetea wanyonge, kaburi lifungwe. Jean-Paul Sartre ndiye aliyemwelewa. Pasolini mwenyewe baadaye alisema baadhi ya ile miujiza haikumpendeza hata yeye. Lakini Mathayo ameandika, na yeye alikuwa ameahidi kumfuata Mathayo.

Naona hapa ndipo kiini cha jambo. Kila kundi lilikuja na Yesu wake mfukoni. Waliozomea walikuwa na wao, wasomi wa Paris na wao, na filamu ilipimwa kwa huyo wa mfukoni. Kitabu kilikuwepo, kila mtu angeweza kukifungua.

Na si Italia tu. Mwaka 1912 Wamarekani walikwenda Misri na Palestina kupiga From the Manger to the Cross, filamu yenye heshima tele, maandishi ya kwenye skrini yametoka kwenye Biblia. Uingereza kukawa na kelele kwamba ni kufuru mtu kumwigiza Kristo. Bodi ya ukaguzi wa filamu ya huko ilipoanza kazi mwaka 1913 ilikuwa na makatazo mawili tu: uchi, na kumwonyesha Kristo. Mawili tu, na hilo likiwemo! Hata kwenye Ben-Hur ya mwaka 1959 Yesu anapita ukimwona mgongo na mikono, uso hakuna. Mwaka 1977 Franco Zeffirelli alisema kwamba Yesu wake wa kwenye televisheni ni mtu mpole, wa kawaida. Wahubiri Marekani wakawaka kabla hawajaiona filamu, na kampuni ya General Motors iliyokuwa imeidhamini ikajitoa. Ilipoonyeshwa, watu wakaipenda. Leo sura ya mwigizaji yule, Robert Powell, mimi nimeikuta imetundikwa sebuleni kwa watu kama picha ya Yesu, chini yake mshumaa. Ni Mwingereza yule, mtoto wa Salford.

Tulio vijijini nasi tuna wa kwetu. Ile filamu Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka, mwigizaji Brian Deacon, mnaijua: jenereta nyuma ya kanisa, shuka jeupe, watoto mbele kwenye vumbi. Imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo. Wengi wetu kabla hatujajua kusoma tulishajua sura ya Yesu, na anaongea Kiswahili sanifu. Huyo akishaingia kichwani hatoki.

Niliithibitisha hiyo juzi hapa hosteli. Laptop ya rumeti, kitanda cha chini watu watano, wengine mlangoni. Rumeti mwenyewe, Mwislamu wa Tanga, alituachia mashine akaenda zake kupiga stori nje. Kwa heshima kabisa alisema Nabii Isa haigizwi, awe amepatiwa au amekosewa. Nikamwambia Waingereza wa 1913 wangekuelewa sana. Akacheka, akasema wao walikuja kubadilika, sisi bado.

Nusu saa haijafika, dada mmoja wa fellowship akasema, "Huyu siyo. Huyu hacheki hata kidogo." Mwingine: "Mbona kama anagombana na watu?" Kuna jamaa tunamwita Padre kwa sababu alipita seminari, yeye alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba tusimamishe, akafungua Biblia kwenye simu, akaanza kulinganisha. Mstari. Tukaendelea kidogo. Simamisha. Mstari. Vyote vipo. Akasema, taratibu, kwamba ameisoma injili hii seminari miaka minne, asubuhi na jioni, na hajawahi kusikia inasemwa kwa sauti hiyo. Yule dada akamjibu kwamba maneno yanaweza kuwa yale yale na mtu asiwe yule yule, na kwamba yeye anayemwomba kila usiku anamfahamu sauti. Hawakukubaliana mpaka leo, na wanakaa meza moja kafteria kama kawaida.

Mimi nina langu. Filamu si rahisi: kama hujui hadithi utapotea, mitume hawatofautishwi, na Yesu ndiye anayezungumza karibu peke yake. Lakini kuna jambo zito kuliko hilo. Kufuata neno kwa neno nako si kazi safi kama inavyosikika. Mathayo peke yake ndiye anayeweka mdomoni mwa umati kile kilio cha kujitwika damu, wao na watoto wao, na maneno hayo Ulaya yalitumika karne nyingi kuwatesa Wayahudi, hasa majira ya Pasaka, baada ya watu kutoka kutazama maigizo ya mateso. Mwaka 1927 jumuiya za Wayahudi Marekani zililalamikia The King of Kings ya Cecil B. DeMille mpaka baadhi ya vipande vikabadilishwa. Mtaguso ule ule, Oktoba 1965, ukatangaza kwamba Wayahudi wote kwa jumla hawawezi kubebeshwa kifo cha Yesu. Mwaka 2004 Mel Gibson, aliyepiga The Passion of the Christ pale pale Matera, aliacha kilio kile kisemwe kwa Kiaramu ila akaondoa tafsiri yake kwenye skrini. Yaani kipo na hakipo. Kwa hiyo mtu akiniambia filamu fulani imefuata maandiko, siku hizi namuuliza: nani alikuwa amekaa ukumbini?

Kijana Irazoqui naye alilipia. Aliporudi Hispania serikali ya Franco, iliyojiita mlinzi wa Ukatoliki, ilimnyang'anya pasipoti na kumpeleka jeshini, kwa kushiriki filamu ya mkomunisti. Filamu ambayo Wakatoliki wenyewe walikuwa wameipa tuzo. Alifariki mwaka 2020. Pasolini aliuawa kikatili kule Ostia, Novemba 1975. Mwaka 2014 gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, liliandika kwamba huenda hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote za sinema juu ya Yesu. Mayai yalikuwa yameshakauka miaka 50.

Karibu nisahau. Kuna muziki wa Bach na wa Mozart humo ndani, lakini mwanzo kabisa majina yakipita, na tena mwisho jiwe linapoondoka kaburini, zinalia ngoma, na sauti za watoto wanaimba Gloria. Pale chumbani watu waliokuwa wanasinzia waliamka. Dada mmoja wa Sumbawanga akasema hizo si ngoma za Italia. Kweli si za Italia. Ni Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza mwaka 1958 Kamina, Katanga, na wavulana na walimu wao chini ya padre Mbelgiji, Guido Haazen: maneno ya Kilatini, miondoko ya Kiluba. Kamina ya Kongo, ambako hata leo ukishuka stesheni utanunua chakula kwa Kiswahili.

Tutaiangalia tena Jumamosi usiku, umeme ukiwepo. Padre ameomba tuanzie ile sura ya Mafarisayo, dada wa fellowship amesema atakuja na Biblia yake. Njoo na kiti, kitanda kimeshalalamika.